Jina la Mektilda katika Kitabu cha Balozi

Jumatatu, 2 Mei 1977

Barua imekuja kutoka kiwanda cha nguo. Nimeisoma mwenyewe, kidole kwenye mstari, mchana kutwa, lakini nimeisoma. Kisomo si bure. Marehemu Leodegar, mpangaji wangu yule Mchaga aliyeuawa na mashine mwaka sabini na moja, mtoto wake ana pensheni. Kila mwezi, mpaka afike miaka kumi na minane. Pesa anapewa mlezi. Mlezi ni mimi – nani mwingine? Mama yake alikufa na uzazi. Mektilda nimembeba ana miaka mitatu, leo ana tisa. Jina lake la kanisani sikuligusa. Jumapili namsuka mwenyewe aende misa, mimi Mwislamu na swaumu yangu.

Wanataka barua ya balozi tu. Balozi wetu wa nyumba kumi ni Abbasi, nyumba ya tatu. Kazi ndogo.

Jumatano, 4 Mei

Abbasi kanizungusha. Jana kikao. Leo kafungua kitabu chake cha nyumba kumi, kanionyesha: Mektilda, mjukuu wa Bi Sitara. Ati kitabu kinasema mjukuu, yeye ataandikaje kwamba nalea mtoto wa mtu?

Nikamuuliza, na hilo neno nani aliliandika? Si wewe, mwaka wa njaa, wa unga wa yanga, ule wa njano, duka lilipogoma kumpa mgao mtoto asiye wa familia? Si wewe uliyesema tuandike mjukuu, nani atajua? Na mimi nikamfundisha mtoto kwa fimbo: akikuuliza mtu mwenye karatasi, sema bibi yangu, mzaa baba. Akashika. Mpaka leo hajui jingine.

Kasema, "Mama, nikifuta, Chama kitaniuliza. Kitabu hakifutwi."

Kasahau vichwa vya samaki changu. Kila Ijumaa nikitoka Feri kuchukua samaki wa kuuza, kwake kwanza.

Ijumaa, 6 Mei

Sikumpelekea samaki.

Jumanne, 10 Mei

Leo kaja Severine, dada yake Leodegar. Ana duka la vitenge Magomeni. Magomeni, si Ulaya – na miaka sita hajaleta hata shimizi. Mektilda kampa shikamoo kama anavyompa mteja yeyote. Yeye, "Marahaba mwanangu." Mwanangu!

Nilipomtuma mtoto maji, katoa karatasi. Muhuri wa balozi. Imeandikwa mtoto ni wa Severine, amewekwa kwangu kwa muda, na chakula kinatoka kwa shangazi. Mwandiko wa Abbasi, naujua. Kitabu kisichofutwa kimefutika. Nimekumbuka jana mkewe kapita na kitenge kipya, hata kunitazama hakunitazama.

Severine kasema, "Usikasirike mama, umezeeka, pumzika. Pesa anapewa anayekaa na mtoto. Kwa hiyo atakaa kwangu."

Nikamwambia pesa meza wewe, mtoto niachie. Kacheka. Kasema Alhamisi tunaitwa wote ofisi ya pensheni.

Mektilda kauliza, "Bibi, yule nani?" Nikamwambia, mtu wa vitenge.

Alhamisi, 12 Mei

Naandika hapa hapa kwenye benchi, mkono usikae bure. Severine kakaa ubavuni, ananukia poda.

Karani katusomea faili. Severine keshamwambia najiita bibi, mzaa baba. Mama mzazi wa Leodegar alikufa mwaka hamsini na tisa. Kasema, "Kwa hiyo anayejiita bibi ya mtoto huyu anatudanganya, na mwongo hatumwachii mtoto." Nikasema mimi ni mlezi, bwana, bibi ni neno la duka. Kasema barua ya balozi haisemi hivyo. Atamuuliza mtoto mwenyewe, peke yake. Kamwita ndani kabla sijamnong'oneza mtoto kitu.

Nilitaka kumwambia mtoto njiani. Tangu mtaa wa Mchafukoge kanishika mkono, anaimba nyimbo zao za kanisani. Utamwambiaje mtoto anayekuimbia, mimi si bibi yako? Nikamwacha aimbe.

Mlango haukufungwa vizuri. Nasikia karani anauliza, yule mama wa nje ni nani wako?

Kajibu kwa sauti kubwa, wima, kama nilivyomfundisha.

"Bibi yangu. Mzaa baba."

Severine anafunga mkoba wake, anainuka kumngoja mtoto mlangoni.