Mashine Haiachwi Yatima

Mzee wangu Ogola,

Jumapili iliyopita nilifika kwako Ahero. Mafuriko yalikuja hadi nyuma ya jiko, yakageuka. Kaburi lako halikuguswa. Mama, mjane wako, ni mzima, alinipa samaki na maneno mengi, nami nikashindwa kumwambia kilichonipeleka. Basi nakuandikia wewe, hapa nyumbani kwangu Migosi, mchana huu, kwa sababu kesho asubuhi nimeitwa na meneja na sijui kama nitatoka ofisini kwake nikiwa bado na kazi.

Baada ya kukuzika walinipa koti lako la usimamizi. Linanipwaya mabegani. Ungeniona ungecheka, maana ulizoea kuniita kijiti. Kiwanda kilikuwa kinayumba tangu ukiwa hai, na sasa mitumba imejaa kila kona ya soko, nani atanunua kitambaa chetu? Meneja akaniita, akafunga mlango, akasema anataka majina ishirini kutoka chumba cha kufuma. Ishirini kati ya arobaini, Mzee!

Niliyaandika. Sikufichi kitu. Na jina la Omondi nililiweka mimi. Omondi niliyeanza naye kazi siku moja, ukitufundisha sote wawili kuunga uzi uliokatika. Niliogopa kuambiwa napendelea rafiki zangu. Huo ndio ujasiri wa mtoto wako.

Walizuiwa getini Ijumaa asubuhi, sisi wengine tukiwa tayari ndani. Hata vikombe vyao vya chai hawakuruhusiwa kuchukua. Vikabaki vinaning'inia kwenye misumari yake.

Jumatatu meneja akaleta kreti za soda na mikate, eti kututia moyo tuliobaki. Akasema sisi ndio tuliochaguliwa, sisi ni familia moja. Hakuna aliyefungua chupa. Achieng wa mashine ya kona, mdomo wake unaujua, akaniuliza mbele ya watu: "Omera, ndugu yangu, hii soda ni ya matanga ya nani?" Nilikuwa na kiu, Mzee, lakini niliirudisha yangu kwenye kreti.

Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Kila mtu sasa ana mashine nne badala ya mbili. Nyuzi zinakatika, kitambaa kinatoka na matundu. Meneja akasema shuka za hospitali tulizoagizwa zisipokwisha kabla ya mwisho wa mwezi, chumba kizima kinafungwa, na wale ishirini waliobaki wanawafuata wenzao.

Nikafanya nini? Nikapiga kelele. Mle ndani, ambamo ulitufundisha kuzungumza kwa mikono kwa sababu mtu hajisikii hata akikohoa, mimi nikapiga kelele. Nikabandika karatasi ya mfanyakazi bora wa wiki, kesho yake nikakuta mtu ameandika chini yake, "Nani atafuata?" Nikawatisha kwamba nje ya geti wamejaa watu wanaotafuta kazi. Watu gani? Ndugu zao na majirani zao. Naona aibu kukuandikia haya.

Kisha siku moja nikamkuta Achieng amesimama mbele ya mashine ya Omondi, mikono imelegea. Nikamuuliza kwa ishara, kuna nini? Akanionyesha kiganja kitupu, kimeelekea juu. Ishara yako ile. Yaani, sikukabidhiwa.

Nilikaa chini juu ya gunia la nyuzi. Miaka yote ile hukuruhusu mtu aondoke zamu kabla hajashika mkono wa anayeingia, akauweka juu ya mashine, ausikie mtetemo wake, kisha amwonyeshe ugonjwa wake. "Mashine haiachwi yatima," ulisema, hata siku ile Omondi alikuwa na harusi ya dada yake na anachelewa. Na mimi nilikuwa nimeacha mashine arobaini yatima, nikawalaumu waliopewa kuzilea.

Nilikwenda kwa Omondi. Hakunikaribisha kiti. Nikamwambia ni mimi niliyeandika jina lake. Akasema, "Nilijua. Hiyo karatasi ilibandikwa kwa geti. Mwandiko yako naijua." Kumbe meneja hakujisumbua hata kuichapa. Chumba kizima kilikuwa kinajua, siku zote zile nikiwahubiria bidii.

Alhamisi meneja alikuwa Nairobi. Nikamwambia askari afungue geti, nikamwambia lawama ni yangu. Nilikuwa nimewaita wote ishirini waje kukabidhi mashine zao; walikuja kumi na sita. Sikutoa hotuba. Kila mmoja alikwenda kwenye mashine zake, akashika mkono wa aliyezirithi. Mama Akoth, aliyefuma tangu sisi tukivaa kaptura, alilia, na aliyekabidhiwa akalia naye. Kisha wakachukua vikombe vyao. Omondi alikuja wa mwisho. Mashine yake moja akamkabidhi Achieng. Kwa ile ya pili akanishika mimi, akaukandamiza mkono wangu hapo, akaniambia sikioni, "Hii inakata uzi kushoto ikishika joto. Usiipigie kelele." Akaondoka bila kuaga. Sidhani amenisamehe, na sikumwomba.

Tangu siku hiyo kitambaa kinatoka safi. Hakuna anayecheka, nisikudanganye, lakini mikono imeanza kuzungumza tena. Jana Achieng alidai uzi zaidi, kwa ukali. Nilitaka kumkumbatia. Shuka zinaweza kwisha.

Ila meneja amerudi, na askari ameulizwa nani alifungua geti.

Lala salama, Mzee. Maji yasikufikie. Mimi nakuahidi hivi. Nikifukuzwa kesho, nitapita chumbani kwanza, hata wakinivuta. Nitashika mkono wa Achieng, nimvalishe koti lako, nimwambie ugonjwa wa kazi hii: ukifungiwa mlango na kalamu, utawaandika wenzako. Nikibaki, na siku moja nikaambiwa tena niandike majina, nitaandika. Nitaanza na langu.

Mwanafunzi wako,
Ouma