Msimu wa Kwanza Bila Reli

Mweiga,
Jumanne, baada ya shule.

Kwako kaka yangu Simeon,

Nakusalimu kwa upendo wote wa nyumbani, nikiamini kwamba Mungu amekutunza wewe pamoja na mifugo unayoifanyia biashara huko Doldol. Je, kifua bado kinakusumbua wakati wa vumbi? Mama ameniagiza nikuulize hilo kabla ya jambo lingine lolote. Sisi huku tu wazima. Mvua imetosha, viazi vimetoka vikubwa, na yule ndama uliyemwacha akiwa hawezi kusimama ameshazaa mara tatu. Mimi niko kidato cha tatu. Nimekuwa mrefu kuliko Mama, jambo ambalo yeye hajalikubali. Bado anasema ni viatu.

Najua utashangaa kupata barua wakati kila mtu ana simu. Nambari yako ya zamani haipatikani, na hata ningepewa mpya nadhani ningekata kabla hujaitika. Kuna maneno ambayo siwezi kuyasema huku nikisikia mtu akipumua upande wa pili. Kwa hiyo nimeamua kuyaandika.

Kwanza nikupe habari za mpira. Huenda hutaki kuzisikia, lakini nakujua, utazisoma. Timu ya Reli ya Kiganjo haipo tena. Haikushindwa na mtu, iliisha tu. Mwenye shamba walilokuwa wakifanyia mazoezi alilizungushia ua akapanda kabichi, vijana wao wakaenda kutafuta kazi Nanyuki na Nairobi, na ligi ilipoanza hawakujiandikisha. Huu ndio mwaka wa kwanza tangu nizaliwe ambapo timu yetu ya Baridi haijacheza na Reli.

Ungedhani Mweiga tungesherehekea. Unakumbuka desturi ya pale kituo cha maziwa cha njia panda, ambapo wafugaji wa pande zote mbili hukutana asubuhi: timu ikishindwa Jumapili, mashabiki wake hupanga mikebe yao nyuma ya foleni wiki nzima, hata kama walifika kabla ya karani. Reli wakishindwa, watu wetu walikuwa wakiwapigia mluzi wa treni inayoondoka. Tukishindwa sisi, wao walivua makoti wakajipepea, wakisema ati baridi imeisha. Siku hizi hakuna aliyeshindwa, kila mtu huweka mkebe popote, na ajabu ni kwamba hakuna anayefurahia. Asubuhi moja Mzee Muchiri, yule shabiki wa Reli mwenye duka Kiganjo, alikuja akasimama nyuma kabisa bila kuambiwa. Karani alipomuuliza sababu, alisema mgongo wake umezoea pale. Watu walicheka, kisha kila mmoja akainamia mkebe wake.

Kuanzia hapo mashabiki wa Baridi walianza kuizungumzia Reli kama mtu anavyomzungumzia jirani aliyehama. Wazee waliokuwa wakiwaita wezi wa kona walianza kuzisifu kona zilezile. Walibishana juu ya winga wao mfupi, yule aliyecheza na soksi moja juu na nyingine chini, kama alitufunga mabao mawili au matatu siku nyuki walipovamia uwanja. Mmoja alishikilia kwamba ni mawili. Mwenzake akamwambia kwamba yeye alikuwa amelala chini ya lori akijikinga na nyuki, sasa aliyahesabu kwa macho gani. Walicheka mpaka karani akawaomba wasimwage maziwa.

Mwalimu wetu wa Kiswahili, Mwalimu Ogutu, hupita pale kuchukua maziwa yake. Yeye ametoka magharibi na hana timu huku, kwa hiyo anaweza kusikiliza bila hasira. Alisikiliza siku tatu, kisha akaniomba nikusanye kumbukumbu hizo kwa ajili ya jarida la shule, kabla wenyewe hawajazisahau. Akasisitiza kwamba lazima niende Kiganjo nikawasikie Reli kutoka kinywani mwao. Nilikubali upesi sana, kaka, lakini usinione mwenye bidii. Mimi nilitaka kusikia wanasema nini juu ya mechi moja tu.

Mechi hiyo unaijua kuliko mimi. Ilikuwa imebaki dakika moja, mvua inanyesha, na shuti la Wamae, nahodha wao, halikuwa hata na nguvu. Uliudaka mpira. Wote tuliona umeudaka. Halafu ukaponyoka mikononi mwako ukaingia golini. Kufikia Jumatatu watu walikuwa wakisema umenunuliwa na Reli, na kufikia Jumatatu ya pili hukuwa nyumbani.

Labda hujui yaliyofuata, kwa sababu Mama alikataza yasisemwe kwa wageni. Tangu siku hiyo, miaka sita sasa, Baba huweka mkebe wake nyuma ya foleni kila asubuhi. Tukishinda yuko nyuma. Tukitoka sare yuko nyuma. Hakuna aliyemwamuru na hakuna aliyemwambia aache. Pia watu waliacha kumwita Baba Simeon. Siku hizi anaitwa Baba Murugi, nami kila akisalimiwa kwa jina hilo nikiwa karibu, mimi huangalia chini.

Basi Jumamosi moja nilikwenda Kiganjo na daftari langu. Mzee Muchiri alinipa kiti ndani ya duka, akawaita wenzake, akawaambia kwamba Baridi wamemtuma mpelelezi mwenye sare ya shule. Walinitania kidogo. Mmoja aliniuliza kama ni kweli kwamba huko Mweiga tunazaliwa na sweta. Nikawaambia ni kweli, na kwamba wao huzaliwa wamechelewa. Baada ya hapo walinikubali, wakaongea mpaka mkono wangu ukauma.

Kaka, walikuzungumzia wewe bila mimi kuuliza. Walijua tu kwamba natoka Mweiga, hawakujua mimi ni binti wa nani. Walisema kwamba kipa mgumu kuliko wote waliowahi kukutana naye alikuwa yule kijana mrefu wa Mweiga. Walikumbuka kwamba siku ile ya mvua uliokoa penalti, na kwamba ulitoka mbio ukaupangua mpira wa winga wao kwa kifua ukabaki umelala bila pumzi. Watu wetu hawasemi hayo. Watu wetu hukumbuka ile dakika moja tu. Niliandika kila neno, na nilipomaliza nikawaambia jina langu na la baba yangu.

Wakageuka wote kuelekea mlangoni. Wamae mwenyewe alikuwa ameegemea mlango. Siku hizi anachomelea mageti pale jirani, na alikuwa bado na miwani ya kazi kwenye paji la uso. Aliivua. Kisha akasema, "Reli imekufa. Sasa hakuna wa kunifukuza. Wacha niseme."

Alieleza kwamba glavu zako zilikuwa zimepasuka tangu mwanzo wa msimu na viongozi wetu walikuwa wakikuahidi mpya kila wiki. Aliona vidole vyako vimetokeza nje, akakuonea huruma. Kabla ya mechi alikuletea glavu za kipa wao wa akiba, zikiwa zimefungwa kwenye gazeti, kule nyuma ya choo cha uwanja. Lakini zilikuwa za buluu, na kipa wa Baridi hangeweza kuingia uwanjani kwetu na mikono ya rangi ya Reli. Ukaomba rangi nyeusi ya viatu, mkazipaka nyinyi wawili, mkacheka sana. Mliahidiana kutosema, kwa sababu wewe ungeitwa msaliti na yeye angefukuzwa kwa kuisaidia timu pinzani. Halafu kipindi cha pili mvua ikaja, rangi ikalowa, ikateleza kama sabuni.

Mzee Muchiri aliinuka. Alipanda kwenye kiti, akashusha mpira kutoka rafu ya juu, katikati ya majani ya chai na chumvi. Ndio mpira wa siku ile; waliuhifadhi kwa sababu lilikuwa bao lao la ubingwa. Pembeni una alama nyeusi za vidole vinne na kidole gumba. Miaka yote wamekuwa wakiwaambia wateja kwamba ni matope ya Mweiga. Mzee aliuzungusha mikononi, akaunusa, akasema, "Kumbe tumekuwa tukiringa na rangi ya viatu." Hakuna aliyecheka. Wamae alikuwa amegeuka anafuta uso kwa kitambaa chake cha kazi.

Aliniambia pia kwamba mara mbili alikuja hadi kwenye lango letu ili amweleze Baba, na mara zote mbili akarudi, kwa kuwa alikuwa amekupa neno lake na hakujua pa kukupata ili umruhusu. Nakuomba usimkasirikie kwa kulivunja sasa.

Nimeinuka kuwapa ng'ombe maji, nimerudi. Ukweli ni kwamba ng'ombe walikuwa wameshakunywa.

Ni mimi niliyesema, kaka. Siku ya mechi Mama alinituma nikuletee chupa ya chai, na nikawaona wewe na Wamae kule nyuma ya choo. Nilimwona akikupa ule mzigo wa gazeti, nikakuona ukiuficha ndani ya koti. Jumatatu shule zilikuwa zimefungwa, nikamsindikiza Baba kwenye maziwa na ule mkebe mdogo. Mikebe yetu ilikuwa nyuma na watu wetu walikuwa na uchungu. Mama mmoja aliniuliza kwa upole kama kaka yangu alikuwa mgonjwa. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja na watu wazima wote walikuwa wamenigeukia. Nikajibu kwamba hukuwa mgonjwa, na kwamba hata nahodha wa Reli anakupenda, kwa sababu nilimwona akikupa zawadi.

Nilidhani nakusifu. Nilitaka wajue kwamba hata Reli wanakuheshimu. Niliona nyuso zao zikibadilika na sikuelewa. Maziwa yalipomalizwa kupimwa, ile zawadi ilikuwa imeshakuwa fedha.

Nyumbani Baba alipokwambia usikae tena kwenye meza yake, wewe ulidhani ni Nderitu aliyekuchongea, kwa sababu beki wako ndiye aliyebadilisha nguo kando yako. Nilikuwa jikoni wewe na Nderitu mlipopigana uani. Nilimsikia akiapa kwa mama yake. Nilijua anasema kweli, na nikaendelea kumenya viazi. Nilijiambia kwamba nitasema kesho. Kisha ukaondoka, na kila kesho iliyokuja ilikuwa ngumu kuliko ile iliyotangulia. Nderitu hajawahi kutamka neno baya juu yako. Mwezi wa Krismasi huja kumsaidia Mama kupasua kuni, na huuliza habari zako kama mtu aliyeibiwa.

Nilipotoka Kiganjo sikulala vizuri wiki nzima. Jumamosi iliyopita nilikwenda na Baba kwenye kituo cha maziwa. Nilimwomba Wamae aje, akaja. Watu walipojaa, nilipanda juu ya jukwaa la kupimia, nikaeleza yote: mzigo, glavu, rangi, mvua, na mdomo wangu. Sikuruka kitu. Wamae akasema kwamba ni hivyo hivyo. Nderitu alikuwepo. Alivua kofia, akaitazama tu ile kofia.

Hapo Mzee Muchiri alitembea hadi mwisho wa foleni, akauinua mkebe wa Baba kwa mikono miwili, akaubeba kupita watu wote, akauweka wa kwanza. Akamwita, "Baba Simeon, songa mbele. Maziwa itaharibika."

Baba alisonga. Hakusema neno pale, wala njiani, wala mchana kutwa. Nilingoja anigombeze ili nipumue, hakunigombeza. Jumapili baada ya kanisa alimuuliza Mama gari la Nanyuki huondoka saa ngapi, na ukifika Nanyuki unapanda nini kwenda Doldol. Jana akaniambia niandike kila kitu, nisijifiche popote, kwa sababu yeye akianza kuongea atakosea, kama alivyokosea siku ile.

Anaondoka kesho alfajiri. Dereva wa lori la mbuzi ametuambia kwamba kila adhuhuri unakula hotelini kwa Adhis, karibu na soko la mifugo. Baba amekataa kukupa barua hii mwenyewe, kwa hofu kwamba ukimwona utaondoka kabla ya kuisoma. Atamkabidhi Adhis, kisha atakaa nje. Amesema hataingia mpaka umwite, na kama hutamwita atapanda gari la kurudi na hatakulaumu.

Mimi siombi unisamehe kwa barua moja. Nitangoja kadiri utakavyotaka.

Mama anakusalimu sana, na amekutumia viazi kwenye kiroba. Nderitu anakusalimu. Wamae anakusalimu na anasema ana deni la kukutembelea. Mwalimu Ogutu, ambaye hujawahi kumwona, naye amesema nikusalimu. Mungu akulinde.

Jua la huko ni kali na Baba hajalizoea, wala hataomba mtu maji. Ukifika hapa, tafadhali usisome tena mara ya pili. Toka nje.

Ni mimi mdogo wako,
Murugi