Vijiti Ulivyoanika Uani

Mwalimu,

Shikamoo. Najua huwezi kuitikia, lakini siwezi kuanza kusema nawe bila hiyo.

Kuvu yetu iliungua. Ile uliyoikuta kwenye vijiti vilivyooza ndani ya kijito cha kwenu, huko juu Kondoa, ukaniita kwenye hadubini huku unapiga makofi. Ulisema hakuna mtaalamu aliyewahi kuiandika wala kuipa jina. Ukaanika vijiti uani kwa dada yako Bi Zaina, maana bila sampuli kavu ya kuonyesha, nani angetukubalia jina jipya? Halafu moyo wako ukasimama ghafla. Msibani watu walijaa, wapishi wakatafuta vya kuwashia moto, na Bi Zaina mwenyewe akawapa vile vijiti. Wali wa msiba wako uliivia hapo. Niliula, Mwalimu, kabla sijajua.

Nilirudi Dodoma nimevimba kwa hasira. Maabarani kwetu niliketi nikitazama kiti chako, na kila aliyenipa pole nilimchukia.

Mvua ziliponyesha nikapanda tena Kondoa. Nilipomweleza Bi Zaina kilichokuwa kwenye vijiti vile, alikaa chini akajifunika uso kwa mtandio. Baadaye akafunga kanga kiunoni, tukateremka wote kijitoni. Aliingia majini na kandambili zake, akawa anaokota kijiti kimoja kimoja na kuniuliza, "Na hiki ni cha mdogo wangu?" Tuliviweka kwenye makopo yenye karatasi zilizoloweshwa, kama ulivyonifundisha, nikasubiri.

Imeota, Mwalimu. Mbegu zake ni zilezile, zenye vimkia viwili. Nililia hadi kioo cha hadubini kikaingia ukungu.

Nilitaka kuipa jina lako. Lakini nakusikia: "Watu wana makaburi yao, mwanangu. Kuvu ipe jina la maji yake." Basi itaitwa kwa jina la kijito. Ila kwenye lebo, mahali pa aliyeokota, nimemwandika Bi Zaina. Hilo hukulikataza.

Pumzika, Mwalimu wangu. Mwenyezi Mungu akurehemu. Nakuahidi kila msimu wa mvua nitashuka kijitoni na dada yako. Ameshasema jikoni kwake kijiti hakiingii motoni mpaka nikiangalie kwanza.

Mwanafunzi wako,
Rehema