Fundo la Mzee Kashindye

S.L.P. 214,
Uyole, Mbeya.
19 Septemba, 1976.

Mpendwa Shangazi Tupokigwe,

Shikamoo, shangazi yangu. Mguu unaendeleaje, unakufikisha kanisani? Mimi ni mzima, ila usingizi umenikimbia.

Kwa kuwa uliikosa harusi, acha nikusimulie habari za mume wangu. Malimi ni mrefu, mpole, na akicheka nasahau hata jina langu. Akirudi na lori kutoka Iringa hupiga honi mara mbili tangu sokoni, nami natoka mbio na unga mikononi. Miezi mitano ya ndoa, na moyo bado unaruka!

Mwezi uliopita polisi walimchukua.

Machi, hapa Uyole, aliuawa mama muuza mchele, yule aliyetupikia siku ya posa. Juni akauawa mwenye duka mmoja kule Iringa. Wote walifungwa mikono kwa kamba ya katani, fundo lile lile, na alama za kidole kile kile zikakutwa kwenye kandili zao.

Fundo hilo ni la ukoo wa Malimi. Babu yake, Mzee Kashindye, alikatika kidole gumba, akawa anafunga ndama kinyumenyume, na wanawe wakamwiga. Ukilivuta linakaza, ukilisukuma linalegea. Malimi hulitumia kufungia turubai la lori, na askari akaliona. Sokoni wakanicheka: "Bibi harusi, wewe hujafungwa mikono bado?"

Alikaa rumande siku kumi na mbili. Alama zake hazikufanana. Alirudi na ndevu, akaniambia, "Mke wangu, hata vidole vyangu vinakupenda, vimekataa kuniacha huko." Nililia mpaka nikaunguza ugali.

Ningeishia hapo kwa furaha. Lakini inspekta aliuliza nani mwingine analijua fundo hilo. Malimi akawataja ndugu zake wa Usangu, nao wote wamepimwa vidole, wako safi. Amesahau mtu mmoja. Januari, walipoleta ng'ombe wa mahari, ndama alitaka kutoroka, na Malimi akamfundisha mdogo wangu Lutengano kumfunga.

Unajua Lutengano huuza viazi Iringa. Juni alirudi bila hata magunia, akakaa siku mbili, akasema anakuja kwako Tabora. Tangu hapo kimya.

Sisemi ni yeye. Mtoto niliyembeba mgongoni! Ila inspekta alituonyesha zile kamba: Malimi huzungusha mara mbili, muuaji alizungusha mara tatu, kama mtu asiyeliamini fundo. Lutengano alizungusha mara ngapi siku ile? Sijui, shangazi. Nilikuwa namtazama Malimi.

Inspekta atarudi tarehe 4 Oktoba, nami nitamtaja Lutengano. Yule mama ameacha watoto wanne. Afadhali mdogo wangu aje mwenyewe kabla ya siku hiyo.

Aliondoka na sanduku la mbao alilolifunga kamba mwenyewe. Kama bado limefungwa, usikate. Hesabu mizunguko. Ikiwa miwili, nipigie simu ya maandishi, nicheze barabarani. Ikiwa mitatu, usimuulize kitu. Mpikie, ale ashibe, kisha mwite mchungaji amsindikize aje.

Nisalimie Mjomba Ezekia na Lusia. Mungu asimame mlangoni pako.

Wako akupendaye kuliko aandikavyo,
Sekela
(sasa Mama Malimi!)