Mnandi wa Pete ya Njano

Ngumbo, Nyasa
14 Juni

Baba mpendwa,

Tumsifu Yesu Kristu, na shikamoo. Mimi na Rogasian hatujambo. Je, goti lako linakuruhusu kupanda shambani? Kahawa ya huko Ukata imeanza kuiva? Na Mama mpe shikamoo yake.

Nataka habari hii uisikie kwangu kabla hujaisikia sokoni Mbinga. Unakumbuka ulivyonicheka kwamba nimesomeshwa ili nihesabu ndege. Basi mwezi uliopita hao ndege, mnandi weusi wanaozamia samaki kutoka kwenye mwamba wa ziwani, nusura wachomewe viota. Mzee Xaveri, kiongozi wa wavuvi, alisema wanamaliza samaki na kuchana nyavu, na wote wakamuunga mkono. Nikaomba wiki mbili za kuwachunguza. Rogasian alinionya niache kimbelembele, lakini unanijua.

Mnandi hao wana pete za rangi miguuni, walizovishwa na watafiti walioniajiri. Nikampakia Mzee Xaveri mtumbwini aone mwenyewe. Wa pete nyekundu hazamii popote ila penye mawe, pasipotegwa nyavu. Wa bluu huvua mbali, hurudi jua limeshakuwa kali. Wa kijani, nikamwonyesha daftarini mwangu, huhama kila kiangazi, na jirani yake habanduki mwaka mzima. Mzee akauliza kama ndege nao wana tabia, nikamjibu wanazo kama wanawe. Kati ya arobaini na mmoja, aliyefuata nyavu alikuwa mmoja tu, wa njano. Kwenye mkutano wa wavuvi Mzee Xaveri mwenyewe ndiye aliyewatetea, viota vikapona. Nilivimba kichwa, Baba, sikufichi.

Ningeweza kurudi nyumbani na sifa zangu. Ila yule wa njano nilimharibu mimi. Alianguka kiotani akiwa kinda, nami nikavunja sharti la kazi, nikamlea uani kwa usipa, dagaa wa ziwani, niliokuwa nikimchomolea kwenye wavu wa Rogasian. Akajua chakula hutoka wavuni. Hakuna aliyelijua hilo, hata mume wangu. Nilisimama palepale mkutanoni nikalisema mbele ya watu wote. Rogasian aliinamisha uso. Wakaamua ndege aachwe, ila kila wavu atakaouchana niushone mimi, mpaka afe au ahame.

Leo nimemaliza wa tisa. Vidole vimeota sugu, na Rogasian, aliyeninunia siku nne, sasa anakaa kando yangu akinivutia uzi. Mzee Xaveri aliukagua mshono wangu, akasema hauna tofauti na wa mvuvi. Watafiti nao nimewaandikia ukweli wote. Huenda wakanifukuza, jibu bado sijapata.

Wasalimie ndugu zangu wote, na Padre ukimwona. Kwa kuvunja sharti naomba unisamehe, Baba. Kwa kusema, usinisamehe. Nipongeze.

Binti yako,
Veneranda