Shahidi Mmoja Mzungu

Jumanne, 17 Aprili 1894
Tangazo limebandikwa mlangoni pa posta. Kila kibarua Mchina ajiandikishe kabla ya tarehe tatu Mei kupita, apigwe picha, alete shahidi mzungu. Asiyefanya hivyo atapakiwa melini, arudishwe China. Nimelisoma mara mbili, nikaenda zangu kiwandani kushona kofia. Halinihusu! Cheti cha uraia wa Marekani nilipewa na hakimu mwaka sitini na sita, vita vya Kaskazini na Kusini vimetoka kwisha, sare ya Kaskazini bado i mwilini. China niliondoka nina miaka minane, kwa meli ya Kapteni Avery, nikachukua na jina lake. Kwa Kichina siwezi hata kuomba maji.

Ijumaa, 20 Aprili
Msimamizi wa kiwanda kasema tangazo linanihusu. Mchina ni Mchina tu, hata akiwa na cheti kutoka mbinguni. Mke wangu Bridie hakula. Anauliza huko watanipeleka kwa nani.

Jumapili, 22 Aprili
Baada ya kanisa, kwa rafiki yangu mzungu, Orrin Peck. Miaka mitatu vitani tulilala hema moja — kila askari alibeba nusu yake, jioni tunaziunga kwa vifungo, yake na yangu. Nikamwambia: njoo mjini Hartford, kwenye ofisi ya kuandikisha, uape kwamba nilikuwa askari, kwamba mimi ni raia. Kitambulisho cha Mchina sikitaki.

Akacheka. "We Lyman, unaniomba kama mgeni? Nipe hicho cheti, watu wa pale nawajua. Wewe kaa utulie, unywe chai na mkeo."

Nikampa. Nimerudi nyumbani napiga mluzi.

Jumatano, 2 Mei
Orrin kapita. Mambo safi, kasema, kesho ni sahihi tu. Na cheti changu? Kiko ofisini. Bridie kanipigia koti pasi.

Alhamisi, 3 Mei
Hartford. Naandika kwa penseli kwenye benchi, nje ya chumba cha karani.

Fomu iliyo mezani inasema: Lyman Avery, kibarua Mchina, si raia wa Marekani wala hajawahi kuwa. Chini yake sahihi ya Orrin. Nikauliza cheti changu. Karani kasema kimefutwa, kilitolewa kimakosa kwa kuwa sheria haimruhusu Mchina kuwa raia, na Bwana Peck alikisalimisha mwenyewe wiki iliyopita.

Orrin akaninong'oneza. "Usinitazame hivyo, ndugu yangu. Wangekikataa, halafu wangekupakia melini. Hivi unabaki. Bridie anabaki na mume."

Anaamini amenisaidia! Angeniuliza. Angeniuliza tu. Nimeuzwa, na aliyeniuza kanishika bega.

Kisha karani akafika kwenye alama za mwili. Kovu, chini ya sikio la kushoto. "Hili la nini?"

Nikamwachia Orrin ajibu. Yeye ndiye aliyenifunga jeraha hilo vitani kule Virginia, kwa shati alilolichana mwenyewe, risasi zinapita, ananiambia nisithubutu kufa.

Orrin akaitazama kofia yake. "Ajali," akasema. "Kiwandani."

Karani akaandika.

Nimeomba nitoke nipate hewa. Ofisi inafungwa saa kumi, na leo ndiyo siku ya mwisho. Imebaki sahihi yangu tu: nikiitia, nimekubali kwamba sijawahi kuwa raia; nisipoitia, ni meli ya China. Orrin katoka, kasimama mbele yangu na kalamu niliyoiacha mezani. Anasema twende, Lyman, karani anangoja.