Chai ya Ndabibi

Alhamisi, 14 Februari 1957

Mkaa umeisha tena. Mume wangu Zakaria anataka kuwaondoa wakoloni Kenya nzima, lakini kununua debe moja la mkaa hakumbuki. Tangu aache ualimu ili agombee kiti cha Baraza la Kutunga Sheria, chumba chetu hapa Bondeni, Nakuru, kimekuwa stesheni. Watu wanaingia, wanatoka, wanamaliza uji. Bi Zainabu, mwenye nyumba, anamwita Waziri Mkuu. Ni utani tu, ila Zakaria hacheki. Nadhani anaamini. Nami naamini. Simwambii, atavimba kichwa.

Jumapili, 17 Februari

Amerudi kutoka Ndabibi na furaha ya kupita kiasi. Kule ni mashamba ya masetla, na huruhusiwi kuzungumza na wafanyakazi bila idhini ya mwenye shamba. Basi alimwendea yule wanayemwita Bwana Kofia. Mzungu akamkaribisha verandani, akampa chai na keki. Anasema hakuna Mwafrika aliyewahi kuketi pale. Alikaa mpaka birika likaisha.

Nikamuuliza wafanyakazi walikuwa wapi wakati huo. Wamesimama kwenye banda la maziwa, wanamngoja. Wanamwona.

Aliposhuka kuwahutubia hakuna aliyepiga makofi. Eti walikuwa wamechoka. Mwanamume amesoma hivi na bado hajui kitu.

Jumatano, 20 Februari

Nilijua. Sokoni wamenyamaza nilipofika kwa muuza viazi. Habari imekuja mjini na lori la maziwa: mgombea wetu amelishwa. Baada ya viapo vya kulishwa na misako ya askari tuliyopitia, siku hizi watu wanaangalia sana nani amekula na nani. Hiyo chai wameshaipa jina la kiapo.

Wazee wa mashambani wamepata haki ya kura kwa sababu ya utumishi wao wa miaka mingi. Hao ndio aliokuwa akiwategemea. Bila wao amekwisha.

Amekaa kitandani tu. Nina hasira naye na ninamhurumia, vyote pamoja.

Ijumaa, 22 Februari

Anataka kuomba kibali cha mkutano akajitetee. Nimemkatalia. Akijieleza atazidi kuharibu.

Nimemwambia kwetu mtu akikunywesha chai, nawe unamnywesha. Usipomrudishia, wewe ni mtumishi wake au ombaomba, na ndivyo walivyomwona. Basi amwalike Bwana Kofia. Nje ya geti la shamba, kando ya barabara, mchana kweupe, kila mtu aone. Na kibali hakihitajiki. Chai si mkutano.

Amenitazama kama amenioa jana. Ameenda mwenyewe kumwalika, na kwa mpishi wa Mzungu akaacha habari ili ifike mpaka kwenye laini, zile nyumba za wafanyakazi. Mzungu amesema atafikiria.

Jumapili, 24 Februari

Tulifika Ndabibi na viti viwili vya Bi Zainabu, meza, birika, beseni la mandazi. Wafanyakazi walikuwa wametoka kanisani. Wakasimama ng'ambo ya barabara, hawasalimu. Askari mmoja naye alikuwepo, daftari mkononi, hana la kuandika.

Zakaria kwenye kiti kimoja. Kingine kitupu. Tukangoja. Jua kali. Niliona aibu, maana wazo lilikuwa langu.

Gari la Bwana Kofia likatokea, likapunguza mwendo. Akakitazama kiti. Akatutazama sisi. Akapita, na vumbi lake lote likatua kwenye mandazi.

Nilitamani kukunja meza turudi Nakuru. Kisha mama mmoja mzee, Rael, aliyekamua ng'ombe wa shamba lile tangu ujana wake, akavuka barabara na kujikalia kwenye kile kiti.

"Sasa chai inapoa ya nini? Mwalimu, nimiminie."

Zakaria akainuka akammiminia. Akampa kikombe kwa mikono miwili, kama anavyompa mama yake.

"Tulikuona ukinywa kwake," Rael akasema kwa sauti ya kusikika ng'ambo. "Leo tumemwona yeye akikataa kwako. Hayo mengine tutajijazia wenyewe."

Mtu mmoja akacheka. Wakavuka wote. Mandazi hayakutosha, na mavumbi yake wakayala. Askari alikula mawili.

Sijawahi kumpenda mtu kama nilivyompenda yule mama.

Jumamosi, 9 Machi

Siku ya kura. Mimi sina. Sina shule ya kutosha wala mshahara, na imeniuma kuliko nilivyotarajia. Nimekaa nje ya kituo nikitazama foleni. Wazee wa Ndabibi wamefika wamevaa makoti, na Rael nyuma yao, naye hana kura, amekuja kuhakikisha hakuna anayepotelea kwenye pombe.

Mzee mmoja alipotoka akanishika mkono. "Mama, sisi tumemaliza. Sasa yeye aanze."

Nililia pale pale, mbele za watu.

Matokeo bado. Usiku umetulia, hata majirani hawajafungua redio leo. Wiki zote hizi niliogopa atashindwa. Sasa naogopa atashinda, leo hiki kiti, kesho kikubwa zaidi, na hatakuwa wangu peke yangu tena. Na ninataka ashinde.

Amelala na viatu. Kimoja nimekivua. Cha pili kimegoma, nimemwacha nacho.